Sura ya Sita: Kijumba cha Makuti na Ua Wake

Kwa karne nyingi mtu wa pwani aliyetaka kujenga nyumba hakuanzia dukani. Nguzo alizipata mikokoni, fito alizikata porini, udongo aliuchimba pale pale kiwanjani, na paa lilishuka kutoka juu ya mnazi. Alichohitaji kununua kilikuwa kidogo, lakini alichohitaji kujua kilikuwa kingi: mti upi hauliwi upesi na mchwa, paa lisimame wima kiasi gani, kuti lishonwe vipi lisipeperuke kaskazi ikivuma.

Leo sehemu kubwa ya pwani imeezekwa kwa mabati, na sababu zake ni za haki. Bati halishiki moto, halihitaji kuezuliwa kila baada ya miaka michache, na halimpi mwenye nyumba wasiwasi kila masika yanapokaribia. Hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa kulichagua. Ila ule ujuzi wa zamani umebaki mikononi mwa watu wachache, na wengi wao sasa wanaezeka mabanda ya hoteli za ufukweni, juu ya fremu tofauti na zile za nyumba walimozaliwa. Mtoto wa mjini anaweza kufika darasa la saba bila kumwona mtu akishona kuti hata moja.

Sura hii inakufundisha kujenga nyumba hiyo kwa ukubwa wa kukaa mezani, pamoja na ua wake, kisima chake na migomba yake. Kanuni yake ni moja nayo ni ngumu: kila hatua ifuatwe kama inavyofuatwa kwenye nyumba ya kuishi watu. Nguzo zisimikwe ardhini, fito zifungwe kwa uzi, makuti yashonwe, paa liezekwe kutoka chini kwenda juu. Kijumba cha kubandika karatasi juu ya boksi kinapendeza kwa siku chache na hakimfundishi mtu kitu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kijumba nacho thamani yake iko ndani, kwenye viungo ambavyo mgeni havioni.

Waliotutangulia

Kazi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1920 Herbert Winlock wa Metropolitan Museum of Art ya New York alikuwa akichimba makaburi ya Thebes, nchini Misri. Katika kaburi la Meketre, ofisa mkubwa wa wafalme aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita, alikuta chumba kidogo kilichofichwa, na ndani yake vielelezo vya mbao vya mali yote ya bwana huyo: ghala la nafaka, zizi, machinjio, karakana ya maseremala, jahazi zake. Kati ya vielelezo hivyo kulikuwa na nyumba mbili zenye bustani. Kimoja kimebaki Cairo, kingine kilipelekwa New York.

Kitazame kimoja cha vielelezo hivyo vya bustani utaona jinsi fundi wake alivyokuwa makini. Katikati pana bwawa, na bwawa hilo limefunikwa kwa bamba la shaba ili liweze kushika maji ya kweli. Kulizunguka imesimama mikuyu ya mbao, na matunda yake yameota kwenye mashina yenyewe, kama mkuyu unavyozaa hasa. Fundi angeweza kupaka rangi ya buluu na kuliita bwawa. Hakufanya hivyo, kwa sababu aliijua bustani ya kweli na aliona kielelezo chake kinastahili heshima ile ile.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kati ya 1921 na 1924, msanifu majengo wa Uingereza Edwin Lutyens alimjengea Malkia Mary, mke wa Mfalme George wa Tano, nyumba ya wanasesere ambayo leo iko Windsor Castle. Imejengwa kwa kipimo cha 1:12. Mabomba yake yanatoa maji, taa zake zinawaka kwa umeme, na lifti zake zinapanda na kushuka. Bustani yake ilibuniwa na Gertrude Jekyll, mtunza bustani mashuhuri wa nchi hiyo, nayo imehifadhiwa ndani ya droo chini ya nyumba: ukiivuta, ua mzima unatokeza.

Nimetaja kazi hizi mbili kwa sababu zinakubaliana juu ya jambo moja. Katika zote mbili bustani ilipewa fundi anayeijua bustani, na ikafikiriwa kwa uzito ule ule wa nyumba. Pwani yetu pia nyumba bila ua haijakamilika. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa, na watoto hukulia huko. Kwa hiyo panga ua wako siku ile ile unapopanga nyumba.

Kipimo

Mafundi wa Uingereza wanapenda 1:12 kwa sababu futi yao moja inakuwa inchi moja. Sisi tunaopima kwa mita tutumie 1:20, maana hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya nyumba inakuwa sentimita 5 za kijumba.

Chukua nyumba ya kawaida yenye upana wa mita 5, urefu wa mita 7, na kuta za mita 2 na sentimita 20. Kwa kipimo chetu itakuwa na upana wa sentimita 25, urefu wa sentimita 35, na kuta za sentimita 11. Mlango utakuwa na kimo cha sentimita 9.5 na upana wa 4.5. Baraza ya mbele, ambapo kwa kawaida mtu hukaa magoti yakiwa yamekunjika vizuri, itakuwa na kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 2 na upana wa 3.

Kabla ya kitu kingine chochote, kata mtu wa karatasi ngumu mwenye kimo cha sentimita 8.5. Huyo ni mtu mzima wa sentimita 170. Msimamishe mlangoni, mkalishe barazani, mwinamishe kisimani. Penye shaka, yeye ndiye mwamuzi: mlango asioweza kupita ni mfupi, na dirisha linalomfika magotini liko chini mno.

Sasa elewa kitu ambacho kitakusaidia katika kazi nzima. Kipimo hupunguza ukubwa, hakipunguzi idadi. Nyumba kubwa ikihitaji nguzo 40, kijumba nacho kinahitaji nguzo 40. Paa kubwa likiwa na mistari 30 ya makuti kila upande, dogo nalo ni mistari 30. Uzito ndio unaopungua kupita kiasi: ukigawa urefu, upana na kimo kwa 20 kila kimoja, ujazo unagawanyika kwa 8,000. Ndiyo maana kijumba kinaweza kusimama hata kama kimejengwa vibaya. Nguzo iliyopinda haitaanguka, na paa lisilofungwa halitaondoka na upepo wa sebuleni. Nyumba ya kweli humrudi fundi mzembe. Kijumba humfichia siri. Aliyeamua kujifunza hana budi kujisimamia mwenyewe.

Mifupa ya nyumba

Tafuta ubao mnene wa angalau sentimita 2, upana wa 60 na urefu wa 80. Huo ndio kiwanja chako, sawa na mita 12 kwa 16. Chora nyumba kuelekea mbele, ukiacha nafasi kubwa nyuma kwa ajili ya ua. Toboa matundu ya nguzo kwa kufuata mistari ya kuta, umbali wa sentimita 3 kutoka tundu hadi tundu, kisha ruka penye milango.

Nguzo halisi zina unene unaokaribia sentimita 10, kwa hiyo zako ziwe za milimita 5. Vijiti vilivyonyooka vya mti mkavu vinatosha. Zile za pembeni na za katikati zichaguliwe zenye panda juu, maana ndani ya panda ndimo utakapolala mwamba, yaani mti mrefu unaopita juu ya kuta na kubeba paa. Usiupigilie mwamba msumari. Ulaze ndani ya panda na uufunge.

Baada ya nguzo huja fito, na hapa pwani imetubariki. Ufito wa nyumba una unene wa sentimita 2 hadi 3, ambazo kwa kipimo chetu ni milimita 1 hadi 1.5. Huo ndio unene wa uchelewa, ule uti wa katikati ya jani la mnazi tunaotengenezea fagio. Fungua fagio moja jipya na una fito za nyumba nzima. Zifunge kwa kuzilaza, upande wa nje na upande wa ndani wa nguzo, zikiachana kwa sentimita 1 hivi. Uzi wa pamba uliolowekwa kwenye chai ya rangi iliyokolea unapata rangi ya kamba ya makumbi, na fundo dogo likikazwa vizuri halihitaji gundi.

Makombamoyo, miti inayopanda kutoka mwambani hadi kwenye mti wa kileleni, yawe ya vijiti vya mishikaki, ambavyo vina unene wa karibu milimita 3. Yaweke yasimame kwa pembe ya digrii 45. Kwa nyumba yetu kilele kitakuwa sentimita 12.5 juu ya kuta, na upenu utatokeza sentimita 3 nje ya kuta kila upande. Usilipunguze simamo hilo ili paa lionekane zuri zaidi. Kuti ni jani, na jani halizuii maji kwa ugumu wake. Linayaongoza yateremke upesi kabla hayajapenya. Paa lililolala huoza.

Juu ya makombamoyo funga mapao ya chelewa, yakiachana kwa milimita 7 na nusu, sawa na sentimita 15 za nyumba. Kila pao litabeba mstari mmoja wa makuti, ila la chini kabisa litabeba miwili. Hesabu mapao yako kabla ya kuendelea: yakiwa sawa, utapata 30 hivi kila upande.

Kushona kuti

Mafundi wa pwani wanatofautisha makuti ya kumba na makuti ya viungo. Kumba ni nusu ya jani zima la mnazi iliyosukwa bila kung'olewa kwenye uti wake, nalo hutumika zaidi kwa ua, vibanda na vitu vya muda. Kuti la kiungo ni kazi nyingine: majani hutolewa mojamoja, yakakunjwa juu ya kijiti na kushonwa yakae safu moja. Hilo ndilo la kuezekea nyumba ya kukaa, na ndilo tutakalolishona.

Jani la mnazi ni nene mno kwa kijumba. Tumia ukindu, yale majani ya mkindu yanayosukiwa mikeka na makawa. Katika masoko mengi ya pwani unauzwa kwa mafungu, na ule usiotiwa rangi ndio unaofaa. Uloweke ndani ya maji mpaka ulainike, kisha ukate vipande vya sentimita 7, vyenye upana wa sentimita 1.

Chukua uchelewa wenye urefu wa sentimita 41, ambao ndio urefu wa paa pamoja na upenu wa pande zote mbili. Ushike kwa mkono wa kushoto, ukiwa umelala. Kunja kipande cha ukindu juu yake, upande mmoja uwe mrefu kidogo kuliko mwingine, ili mwisho wa kuti usiwe mnene. Pitisha sindano milimita 3 chini ya uchelewa, ikitoboa pande zote mbili za jani kwa pamoja. Weka kipande cha pili, kikipanda kidogo juu ya ubavu wa kile cha kwanza, ushone kwa uzi ule ule bila kuukata. Endelea hivyo mpaka uchelewa umejaa. Mstari mmoja utakula vipande 45 hivi. Ukiumaliza, chukua ncha ya sindano na uichane mikia ya majani iwe nyuzi za milimita 2, kwa sababu kuti la kweli likipigwa na jua na upepo huchanika vivyo hivyo.

Mistari 60 na ushei ya namna hiyo inahitaji vipande 2,700 au zaidi kidogo. Idadi hiyo isikuogopeshe, na usiitafutie njia ya mkato. Mistari michache ya kwanza itakuwa na mishono iliyopanda na kushuka. Itumie chini ya upenu, ambako itafunikwa. Kazi hii inafanyika vizuri zaidi na watu wawili au watatu wakiwa wameketi mkekani wakizungumza. Hivyo ndivyo ilivyofanywa siku zote: kushona makuti ilikuwa kazi ya jamaa nzima na majirani, na wanawake wengi wa pwani wamewasomesha watoto wao kwa kuyauza. Mpe mtoto kukata vipande, mpe bibi sindano, na utasikia habari za kuezeka ambazo hazimo katika kitabu chochote, hiki kikiwemo.

Mistari ikishaisha, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Ukindu mbichi ukifungwa kwenye paa utaota ukungu.

Kuezeka

Kuezeka huanzia upenuni. Funga mstari wa kwanza kwenye pao la chini kabisa, na juu yake funga wa pili pale pale, maana ukingo wa paa ndio unaopigwa zaidi na mvua na upepo. Kisha panda pao moja baada ya jingine. Kila mstari uliofungwa unafunika mshono wa ule ulio chini yake, na paa linapangika kama magamba ya samaki.

Mikia ya makuti yako ina urefu wa sentimita 3 na zaidi, na mistari inaachana kwa robo ya urefu huo. Maana yake ni kwamba popote utakapochoma sindano kwenye paa itapita tabaka nne za makuti, kila moja ikiwa imekunjwa. Hapo ndipo penye siri ya nyumba ya makuti. Tone linalopenya tabaka ya kwanza linadakwa na ya pili na kuteremshwa. Likipenya ya pili linakutana na ya tatu. Fundi anayetaka kuokoa makuti huachanisha mapao, tabaka nne zikawa mbili, na mwenye nyumba hulipa gharama hiyo masika ya kwanza.

Ezeka pande zote mbili kwa zamu, mistari mitano huku, mistari mitano kule, ili makombamoyo yasisukumwe upande mmoja. Ukifika kileleni pande mbili zitakutana na kuacha mwanya. Mwanya huo ndio mahali hatari kuliko pote, na haufunikwi kwa kuti la kawaida. Suka makumba madogo ya ukindu yenye upana wa sentimita 5, yalaze juu ya mgongo wa paa yakiteremka pande zote mbili, uyabane kwa chelewa mbili, moja kila upande, na ufunge chelewa hizo kwa uzi unaopita chini ya mti wa kileleni.

Ukitaka kulijaribu paa, usilinyunyizie maji kama mvua. Maji hayafuati kipimo chetu. Tone la milimita 4 mbele ya mtu wako wa karatasi ni donge la sentimita 8, na litang'ang'ania kati ya majani badala ya kuteremka. Mimina maji polepole kwa kijiko kwenye mgongo wa paa, kisha chungulia ndani. Utaona pia maji yanaangukia wapi: sentimita 3 mbali na ukuta, kwenye mchirizi. Kwa kuona hilo tu mwanafunzi ataelewa kwa nini nyumba ya udongo inaweza kusimama miaka mingi katika nchi ya mvua. Upenu ndio mlinzi wa ukuta.

Liache paa likauke kabla ya kugusa udongo.

Kukandika

Wengi watashangaa kwamba paa limetangulia kuta. Mafundi wengi wa nyumba za miti na udongo huezeka kwanza, ndipo wakakandika, ili udongo mbichi ukauke chini ya kivuli cha paa bila kunyeshewa wala kupigwa na jua kali. Ni kweli kwamba kwenye kijumba ingekuwa rahisi kukandika kwanza, mikono ikiwa huru. Fuata mpango wa nyumba hata hivyo. Ukibanwa na upenu unapopaka udongo, ndipo utakapojua kwa mwili wako fundi alifanya kazi akiwa ameinama vipi.

Jaza kwanza vijiwe vidogo kati ya fito za nje na za ndani. Kisha changanya udongo wa mfinyanzi kiasi kimoja na mchanga mara mbili yake, uongeze usumba uliokatwakatwa mfupi. Udongo mtupu hunywea unapokauka na kupasuka. Mchanga hupunguza kunywea huko, na usumba hushikilia. Kwenye kijumba jambo hili linahitaji uangalifu zaidi kuliko kwenye nyumba, maana ufa wa milimita 1, ambao jicho lako linauona mwembamba, kwa mtu wa sentimita 8.5 ni ufa wa sentimita 2. Paka tabaka nyembamba, ngoja ikauke, kisha ziba nyufa kwa tabaka ya pili iliyochekechwa kwa chujio la chai. Mwisho paka chokaa nyepesi sana kwenye ukuta wa mbele na barazani.

Acha ukuta mmoja wa ubavuni bila kukandikwa. Acha nguzo, fito, mafundo na vijiwe vionekane. Ukuta huo utakuwa darasa la kila atakayekiona kijumba chako.

Ua na bustani

Anza na ua wenyewe. Nyuma ya nyumba simika vijiti na ufunge makumba madogo ya ukindu yaliyosukwa, yenye kimo cha sentimita 9 au 10. Mtu wako wa karatasi asimame ndani na asionekane kutoka nje: stara ndiyo kazi ya kwanza ya ua.

Ardhi ya ndani ipakwe gundi ya maseremala na kunyunyiziwa mchanga mwembamba. Usichukue mchanga wa ufukweni bila kuuosha kwa maji baridi mara kadhaa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na itaozesha mbao. Uchekeche pia, maana chembe ya milimita 1 ni kokoto ya sentimita 2. Palipo na njia ya kwenda kisimani mchanga uwe mweupe na uliokanyagwa. Chini ya migomba ardhi iwe nyeusi na yenye takataka za majani. Ua unaoishi watu haufanani rangi kila mahali.

Kisima kijengwe kwa vijiwe na udongo, kimo cha sentimita 4. Jifunze kwa fundi wa Meketre: weka ndani kikombe kidogo cha bati ili uweze kutia maji ya kweli.

Panda migomba karibu na kisima na mahali pa kuogea, kwa kuwa ndiko maji yanakomwagika na ndiko kila mtu wa pwani huipanda. Mgomba wa mita 3 utakuwa wa sentimita 15. Maganda makavu ya mahindi yanafaa kwa majani yake: yakate kwa urefu wa sentimita 8 hadi 10, yapake kijani, gundisha uchelewa katikati kama uti, kisha yachane pembeni kwa wembe, kwa sababu upepo wa bahari hauliachi jani la mgomba likiwa zima.

Mnazi unataka uamuzi. Mnazi mrefu wa mita 20 ungekuwa mita 1 nzima mezani, mara nne ya kimo cha nyumba. Watu wengi hushtuka na kuufupisha wauone unafaa, wakaishia kuwa na mnazi usiozidi paa, kitu ambacho hakipo isipokuwa kwa miche. Ama uusimamishe kwa kimo chake cha kweli, ambao ni uamuzi wa kijasiri na unaonyesha nyumba za watu zilivyo ndogo chini ya minazi, ama upande mnazi mfupi unaoanza kuzaa, wa mita 6, uwe wa sentimita 30. Shina liwe la kijiti kilichozungushiwa kamba nyembamba ya makumbi, na makuti yake yawe ya chelewa zilizofungiwa nyuzi za ukindu. Jani la mita 4 litakuwa sentimita 20. Usilipunguze, kwani ukubwa wa jani ndio unaompa mnazi umbo lake.

Karibu na mlango wa uani weka mrehani na asumini. Kichaka cha asumini cha kimo cha mita 1 na nusu ni sentimita 7 na nusu. Mizizi mikavu yenye matawi membamba sana, ikichovywa kwenye gundi na kunyunyiziwa majani makavu yaliyosagwa, inatoa kichaka kizuri. Nukta ndogo za rangi nyeupe ndiyo maua yenyewe, na ziwe chache. Mimea hai inavutia, lakini majani yake hayafuati kipimo: jani la sentimita 2 litakuwa jani la sentimita 40 mbele ya nyumba yako, na katika miezi michache mmea utaimeza.

Mwisho weka vitu vya kazi: mafiga matatu upenuni, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ndoo, kamba ya kuanikia. Usiweke vingi. Kila kimoja kikae mahali ambapo mkono wa mtu ungekiacha.

Baada ya kazi

Zamani moshi wa jikoni ulisaidia kufukuza wadudu paani. Kijumba chako hakina moshi, kwa hiyo kiweke mahali pakavu, mbali na jua la dirishani, na kikague kila baada ya miezi michache kama kina mchwa au nondo. Vumbi litolewe kwa brashi laini, kutoka mgongoni kwenda upenuni, kufuata mlazo wa makuti.

Miji yetu ya mawe imepata walinzi wake: Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Nyumba ya makuti ni vigumu kuilinda kwa njia hiyo, kwa sababu haikujengwa idumu karne nyingi. Iliezuliwa na kuezekwa upya, kizazi baada ya kizazi, na kilichodumu kilikuwa ujuzi wa mikono. Ujuzi ukikatika, hata ukiwa na picha elfu huwezi kuirudisha. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kinafanya kazi kubwa kwa kusimamisha nyumba za asili za ukubwa kamili, nawe ukipata nafasi nenda ukazitazame. Lakini shule ya msingi haiwezi kujenga nyumba nzima ili watoto wajifunze. Kijumba inaweza kukijenga.

Basi kabla hujachukua wembe na sindano, mtafute mwezekaji wa karibu nawe, mzee au kijana, umwombe akuonyeshe kuti moja linavyoshonwa na paa linavyofungwa mgongoni. Kila mji una namna yake, na penye tofauti kati yake na mimi, mfuate yeye. Ukimaliza kazi, geuza ubao wako, na chini yake andika kwa wino usiofutika: nyumba hii ni ya mji gani, imejengwa mwaka gani, na nani alikufundisha. Kisha ipeleke shuleni.